Mazda Iconic SP na RX-8: matumaini ya rotari, na gari unaloweza kulifikisha Dodoma sasa

Mazda walipoifunua Iconic SP, gari la maonyesho ambalo bado haliuzwi, mjini Tokyo, Oktoba 2023, wapenzi wa RX-7 walitazama vitu viwili: mkao wa gari na aina ya injini. Vyote vikawapa walichokuwa wakikisubiri. Gari fupi, limelala chini, boneti refu, kibanda kimerudishwa nyuma, na injini ya rotari, isiyotumia pistoni bali rota zinazozunguka, nayo ina rota mbili. RX-7 ya mwisho, ile inayoitwa FD, iliacha kutengenezwa 2002, na RX-8 iliyoshika nafasi yake ikakoma 2012. Baada ya hapo Mazda hawakuwa tena na gari la michezo la rotari dukani, na wengi walikwishakata tamaa.

Tathmini hii inayaangalia magari mawili kwa pamoja, kwa sababu kwa mnunuzi aliye Dodoma hayatengani. Iconic SP ndiyo inayotia hamu. RX-8 ndiyo inayoweza kuagizwa Japani ikiwa mtumba, ikalipiwa ushuru na kuletwa hapa, na ndiyo inayoweza kukufilisi usipojua inataka nini.

Iconic SP yenyewe

Urefu wake ni milimita 4,180, upana 1,850, kimo 1,150, uzito kilo 1,450, nguvu farasi 370. Ukiiweka pembeni mwa FD utaona Mazda walikuwa wanalenga wapi: FD ilikuwa na urefu wa 4,285, upana 1,760, kimo 1,230 na uzito wa kilo 1,260 hivi. Iconic SP ni fupi kwa sentimita 10, pana zaidi kwa 9, na iko chini zaidi kwa 8. Kilo karibu 200 zilizoongezeka ni mzigo wa betri na mota za umeme. Hata hivyo kila farasi mmoja wa Iconic SP anabeba kilo 3.9, wakati kwenye FD ya 1991, yenye farasi 255, alikuwa anabeba karibu 5.

Kwa macho, ni gari zuri kuliko lolote ambalo Mazda wamechora kwa miaka mingi. Ubavuni hakuna mistari ya kujionesha. Mwanga wenyewe ndio unaochora umbo. Taa za mbele zinakumbusha zile za RX-7 zilizokuwa zinainuka kutoka kwenye boneti. Milango inafunguka kwenda juu, na hiyo tunaiona kama pambo la maonyesho, si kitu cha kutarajia kwenye gari la kuuzwa. Kimo cha milimita 1,150 nacho kitapanda kidogo likifika kiwandani, na kwa barabara zenye matuta kila kijiji, sawa na hii yetu ya Morogoro, litapanda kwa heri.

Jambo jipya hasa liko kwenye mitambo. Rota mbili za Iconic SP hazizungushi magurudumu. Zinazungusha jenereta, jenereta inalisha betri, na umeme ndio unaosukuma gari. Mpango wa aina hiyo Mazda walikwishauingiza sokoni kwenye MX-30 R-EV, iliyoanza kutengenezwa 2023: rota moja ya sisi (cc) 830, nguvu farasi 75, betri ya kilowati-saa 17.8 inayokwenda kilomita 85 kwa vipimo vya Ulaya, na tanki la lita 50 la kuendelea na safari.

Uzito wa uamuzi huo unaonekana ukijua rotari inavyokufa. Rota ni pembetatu yenye mbavu zilizovimba, mfano wa sambusa iliyojazwa vizuri, na inazunguka ndani ya chumba kirefu kilichobonyea kidogo katikati. Kila ncha ya rota ina sili ya chuma, unene wake milimita 2 kwenye RX-8, inayoteleza juu ya ukuta wa chumba muda wote injini inapowaka. Kinachoilainisha ni oili kidogo inayoingizwa makusudi ndani ya chumba ili iungue pamoja na petroli. Petroli ikizidi, inaiosha oili hiyo. Injini ikitembea mizunguko ya chini siku zote, masizi yanajaa kwenye mfereji wa sili na kuifanya igande. Joto likipanda mno, chumba cha alumini kinatanuka tofauti na sahani za chuma zilizokibana pande zote mbili, sili za maji zinaachia, na kulanti (maji ya kupoza injini) inaingia mahali pa moto. Injini yote imepangwa kwa tabaka, chuma, alumini, chuma, alumini, chuma, ikabanwa kwa boliti ndefu. Kwa hiyo joto lililozidi mara moja tu linatosha kuiharibu.

Ukiifanya rotari iwe ya kuzungusha jenereta, sehemu kubwa ya matatizo hayo inaondoka. Haikai kwenye foleni ikinguruma chinichini. Haiwashwi kusogeza gari mita tano kisha ikazimwa. Kompyuta inaiwasha inapohitajika, inaizungusha kwa kasi ambayo wahandisi wameichagua, na inaiacha ipate moto kabla ya kuizima. Kwenye MX-30 Mazda waliongeza unene wa sili hadi milimita 2.5 na kupulizia petroli moja kwa moja ndani ya chumba. Hayo ni majibu ya malalamiko yaleyale ambayo wenye RX-8 wameyapigia kelele tangu 2003.

Kinachopotea ni raha ya mguu wa kulia. Rotari inapendwa kwa jinsi inavyopanda hadi mizunguko 9,000 bila kutetemeka, ukiwa wewe ndiye unayeipandisha. Ikiwa ya jenereta, inaimba wimbo wa kompyuta. Hilo ndilo la pekee tunaloilaumu Iconic SP, na si dogo.

Matumaini yenyewe

Mwaka 2015 Mazda walionesha RX-Vision, kupe (coupe, gari la milango miwili) nyekundu yenye boneti refu, na watu wakaanza kuweka akiba. Halikuuzwa hata moja. Safari hii kuna dalili zilizo nzito zaidi: tarehe 1 Februari 2024 kampuni iliunda upya kikundi cha kuendeleza injini ya rotari, kikianza na wahandisi 36. Oktoba 2025 ikaja Vision X-Coupe, ambayo rota zake mbili zina tabo (turbo), zikisaidiwa na mota ya umeme kufikisha nguvu farasi 510. Lakini hiyo ina urefu wa mita 5 na zaidi. Ni gari la bosi mwenye haraka, si mrithi wa FD. Iconic SP ndiyo yenye ukubwa sahihi.

Tarehe ya kuuzwa haijatolewa. Anayetaka rotari asipange maisha yake kwa kusubiri.

RX-8: unachonunua

Injini yake inaitwa 13B-MSP, au Renesis. Rota mbili, kila moja sisi 654, jumla 1,308. Nchini Japani iliuzwa kwa ngazi kuu mbili mwanzoni: ya kawaida yenye farasi 210, na Type S yenye farasi 250 na giaboksi ya mkono ya gia sita. Mwaka 2008 ilifanyiwa mabadiliko makubwa. Nguvu ya Type S ikashuka hadi farasi 235, lakini mfumo wa kuilainisha ukawa bora zaidi, pampu ya umeme na matundu matatu ya oili kwa kila rota badala ya mawili. Farasi 15 hizo ni bei halali ya injini inayodumu.

Gari lenyewe ni zuri kuendesha kuliko linavyosifiwa. Injini iko nyuma ya ekseli ya mbele, uzito umegawanyika karibu nusu kwa nusu, na usukani unakuambia tairi zinafanya nini. Kwenye kona za Mtera unapokwenda Iringa linageuka kama lilivyoagizwa, bila pua kukimbilia nje kama magari mengi ya kupe yanayovutwa na tairi za mbele. Viti vya nyuma vinakaliwa na watu wazima wawili, jambo ambalo FD haiwezi. Mlango wa nyuma umefungwa bawaba upande wa nyuma na hauna kitasa cha nje. Haufunguki mpaka wa mbele ufunguliwe kwanza. Ukiegesha pamebana sokoni, abiria wa nyuma atasubiri.

Kwa ushuru, sisi 1,308 zinaiweka kwenye kundi la chini la ushuru wa bidhaa kuliko magari ya zaidi ya sisi 2,000. Unaoumiza ni ushuru wa uchakavu: RX-8 zote zimepita miaka 10, kwa hiyo zinaangukia kiwango cha juu. Piga hesabu kwenye kikokotoo cha TRA cha magari yaliyotumika kabla hujalipa chochote Japani, kwa sababu thamani wanayotumia TRA ni ya kwao, si ya risiti yako.

Kabla hujalipa

Usiangalie rangi, usiangalie rimu. Dai kipimo cha kompresheni cha rotari, yaani jinsi kila rota inavyobana hewa. Geji ya kawaida ya fundi haifai kwa kazi hii, kwa sababu rota ina nyuso tatu na geji hiyo inaonesha ule ulio juu tu. Uso mmoja ukiwa umekufa hutauona. Geji ya rotari inatoa namba tatu kwa kila rota, jumla sita, pamoja na kasi ambayo stata ilizungusha injini. Kiwango cha Mazda kwenye mizunguko 250 ni PSI 120. Chini ya 98 injini imechoka. Tofauti kati ya nyuso za rota moja isizidi PSI 22, na kati ya rota mbili isizidi 15. Muuzaji wa Japani akikutumia namba bila kasi ya stata, namba hizo hazina maana. Stata mpya yenye betri iliyojaa inaweza kuipandisha injini mbovu ikaonekana ya wastani.

Hapa Dodoma kuna jambo ambalo linawaponza hata mafundi wazuri. Mji uko mita 1,100 na ushei juu ya usawa wa bahari, na hewa ni nyepesi kwa asilimia 11 au 12. Geji nayo itashuka kwa kiasi hichohicho. Injini inayotoa PSI 120 Dar es Salaam itatoa kama 106 hapa, na ile 98 ya mwisho inakuwa 87 hivi. Ukiona 95 Dodoma, usikubali kuambiwa injini imekufa. Iko hai, imechakaa kidogo. Kwa sababu hiyohiyo nguvu nazo zinapungua: Type S ya farasi 250 hapa ni ya 220. RX-8 haina tabo ya kufidia.

Kama gari liko nchini na geji ya rotari haipatikani, kuna jaribio la moto, na ni la kuaminika. Endesha dakika 20 mpaka injini ipate joto kamili. Zima. Subiri dakika tano hadi kumi, kisha washa bila kukanyaga mafuta. Injini nzima inashika ndani ya sekunde mbili au tatu. Ikizungushwa na stata sekunde nane, kumi, kisha ikashika kwa shida, sili zimechoka. Injini dhaifu mara nyingi inawaka vizuri asubuhi ikiwa baridi na kugoma ikiwa ya moto, kwa hiyo muuzaji anayekuonesha gari asubuhi tu na hataki liendeshwe amekwishakujibu.

Sikiliza pia wakati wa kuiwasha. Stata ikizungusha, mdundo uwe sawasawa: pa-pa-pa-pa. Ukisikia pengo linalojirudia, uso mmoja wa rota haubani.

Baada ya hapo angalia masega, yaani kisafisha moshi kilicho kwenye ekzosi. Mlolongo wa kifo cha RX-8 nyingi huanzia mbali na injini, kwenye koili. Ziko nne, zinapata joto jingi, na zikifika kilomita 50,000 hivi zinaanza kudhoofika. Koili dhaifu inaacha petroli isiyoungua iende kwenye masega. Petroli inawakia humo. Masega yanayeyuka na kuziba. Moshi unashindwa kutoka. Joto linarudi kwenye injini na kuua sili. Dalili ni gari kukosa pumzi likipita mizunguko 5,000 au 6,000, harufu ya mayai yaliyooza, na sakafu ya katikati kuwa ya moto chini ya zulia. Ukichomeka kifaa cha kusoma hitilafu na kukuta P0301 au P0302, rota ya kwanza au ya pili inakosa moto. P0420 ni masega. Fundi akikushauri kuyatoa masega na kuendelea na safari, muulize kwanza koili zina umri gani.

Kutoka bandarini

Hatari kubwa kwa RX-8 ni ile safari ya mita chache. Likiwashwa injini ikiwa baridi, linamwagiwa petroli nyingi. Likizimwa hapohapo, petroli inabaki chumbani, inaosha oili kwenye sili, kompresheni inaanguka na gari haliwaki tena. Sasa fikiria gari linaloshuka melini, linasogezwa, linazimwa, linasogezwa tena, yadi hadi yadi. Ukilikuta limegoma usikubali kubadilishiwa injini. Kanyaga mafuta hadi chini kabisa na uishikilie hapo. Hiyo inakata petroli. Zungusha stata sekunde kama kumi. Pumzisha dakika moja stata ipoe. Rudia mara kadhaa, ukiwa na betri ya pili kando kwa sababu betri iliyochoka haifikishi kasi inayotakiwa. Likikataa, toa plagi zote nne, zikaushe, zungusha stata bila plagi ili petroli itoke, weka oili kijiko kimoja cha chai kwenye kila tundu la chini, rudisha plagi, jaribu tena. Litatoa moshi mwingi mweupe likishika. Uache uishe.

Wakati wa kurudisha plagi usichanganye. Za chini ni NGK RE7C-L, za juu ni RE9B-T. Herufi ya mwisho ndiyo inayokuongoza. Ukizibadilisha nafasi, gari litawaka na kutetemeka na utaanza kutafuta ugonjwa mwingine.

Siku ya kulifuata, SGR inakufikisha Dar es Salaam mapema na barabara inakurudisha. Ni kilomita 450 hivi. Kwa mwendo wa heshima gari linakwenda kilomita 8 hadi 9 kwa lita, kwa hiyo tanki la lita 60 linatosha kwa shida. Jaza tena Morogoro na usiwe na wasiwasi. Kabla ya kuondoka badilisha oili, angalia kulanti, na kagua kopo la kulanti lenyewe: ni la plastiki, linapata ufa kwenye maungio, na sensa yake ya kiwango hufa na kuwasha taa bure. Simama Gairo ukaangalie dipstiki. Oili ikiwa imeshuka kidogo ndivyo inavyotakiwa. Ikiwa haijashuka hata nukta baada ya kilomita 1,000 na zaidi, pampu ya kulisha oili ina tatizo, na hilo ndilo la kuogopa.

Kuishi nayo hapa

Mji wetu ni mfupi. Kutoka Area C hadi mjini injini haijapata hata moto, na hiyo ndiyo matumizi mabaya kuliko yote kwa rotari. Mwenye RX-8 Dodoma afanye safari zake ziwe ndefu kidogo. Kwenda Mtumba, kwenye Mji wa Serikali, na kurudi panatosha. Injini ikishapata joto kamili, ipandishe. Si kukimbia: kwenye Type S ya gia sita, gia ya kwanza ikiwa mizunguko 6,500 gari bado liko chini ya kilomita 50 kwa saa, na gia ya pili ikiwa 7,500 uko karibu 90. Mara moja kila unapoendesha inatosha kusukuma masizi nje ya mifereji ya sili. Wanaoendesha kwa upole ili kuitunza ndio wanaoiua.

Sehemu za kuoshea magari ziepuke au simama hapohapo. Kijana akiliwasha kulisogeza chini ya bomba na kulizima, umerudi kwenye hadithi ya bandarini. Lisukumwe kwa mikono, au uliache likiwaka mpaka mshale wa joto utulie.

Oili ibadilishwe kila kilomita 5,000, lita 3.5 hivi pamoja na filta, aina ya 5W-30. Dipstiki iangaliwe kila baada ya matanki mawili, na beba lita moja ya ziada kwenye buti. Wengi wanaojua gari hili wanachanganya pia oili ya 2T, ile ya injini za mipigo miwili, kwenye petroli, mililita 200 kwa lita 50, isiyoacha majivu. Tunaiunga mkono, hasa kwa magari ya kabla ya 2008 ambayo katikati ya sili haikuwa inapata oili ya kutosha. Weka 2T kwanza, petroli ifuate, ichanganyike yenyewe.

Vumbi ni adui wa pili. Pua ya RX-8 iko chini na inavuta kila kinachopeperuka barabarani, hasa kuanzia Julai mpaka mvua zinapoanza. Rejeta na kipoza cha AC vinashikamana, na katikati yao vumbi na majani hujikusanya pasipoonekana kwa nje. Vipoza oili viko mbele ya magurudumu, nyuma ya matundu ya bampa. Type S ina viwili, ngazi ya kawaida kimoja. Osha vyote kwa maji ya presha ndogo kutoka upande wa injini kwenda nje, kabla ya Oktoba, joto halijafika. Presha kubwa inalaza mapezi ya rejeta na kuziba kabisa. Filta ya hewa ikaguliwe kila kilomita 5,000, na usiweke zile za pamba zinazopakwa oili: oili inahamia kwenye sensa ya hewa na gari linaanza kukosea kiasi cha petroli.

Mshale wa joto usiuamini. Umetengenezwa ukae katikati kwa upana mkubwa wa joto, na unapoanza kupanda madhara yamekwishaanza. Kifaa kidogo cha Bluetooth kwenye soketi ya kusomea hitilafu, pamoja na simu, kinakuonesha nyuzi halisi. Kawaida ni 85 hadi 98. Ikipita 105, zima AC, washa hita ya ndani kwa nguvu zote, tafuta pa kusimama. Usimwagie injini maji.

Spea ndilo jambo la kupanga mapema. Maduka ya Dodoma yamejaa Toyota. Kitu cha RX-8 kitatoka Kariakoo kwa bahati, au Japani kwa kuagiza. Nunua kabla ya kuhitaji: koili nne, plagi nne, thamostati, kopo la kulanti na mfuniko wake, stata. Tairi za 225/45 za rimu 18 zinapatikana bila shida, ila ukuta wake ni mwembamba na mashimo ya barabara za mitaani hauyavumilii. Magari ya ngazi ya chini yenye rimu 16 na tairi 225/55 yanastahimili zaidi mitaa ya Nkuhungu, na tofauti ya mwendo huioni mjini. Nafasi ya chini ni sentimita 12 hivi. Matuta yapandwe kwa pembe, polepole, na usishushe springi.

Injini ikifa, kufunguliwa na fundi ambaye hajawahi kuijenga rotari ni kutupa pesa mara mbili. Vipimo vya sili na chumba ni vya sehemu ndogo za milimita, na silikoni haifanyi kazi ya sili ya maji. Injini ya mtumba kutoka Japani nayo inunuliwe kwa namba sita za kompresheni, si kwa maneno. Wapo wanaoweka 1JZ, injini ya Toyota. Gari linapata nguvu na pua nzito, na sifa iliyokufanya ulinunue inaondoka siku hiyohiyo. Anayetaka Toyota yenye tairi za nyuma achukue Altezza au Toyota 86 tangu mwanzo; zote mbili ni nzuri na spea zake ziko jirani.

Ipi ya kuchukua

Ya 2008 kuendelea, Type S, giaboksi ya mkono, yenye namba sita za kompresheni. Ikizidi mfuko wako, ya kawaida yenye gia tano na farasi 210, kama kompresheni yake ni nzima. Mjini Dodoma utapata asilimia kubwa ya raha ileile. Ya otomatiki ya gia nne, ya 2003 hadi 2006, ndiyo inayoonekana kwa bei ya chini kuliko zote na ndiyo ya kuiacha: haipandi mizunguko ya kutosha kujisafisha, na nyingi zimeishi maisha ya safari fupi Japani kabla ya kuja kuishi safari fupi hapa. Na kwa yoyote utakayochagua, tenga pembeni pesa ya injini ya pili tangu siku ya kwanza. Kama bajeti inakomea kwenye bei ya gari na ushuru, bado hujafika.